Mama Alipoyaweka Motoni Maziwa ya Bihogo

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa kula. Nasema bila aibu, maana kula ni sehemu ya kazi yangu. Nina kibanda cha chakula hapa Shanwe: wali, ugali, maharage, samaki aina ya mgebuka wa kukaanga na mboga za majani za kuunga na karanga. Mpishi asiyekula chakula chake mwenyewe wateja humtilia shaka, kwa hiyo nilikuwa nakula mbele yao, sahani imejaa, wakaniita Mama Shibe. Namshukuru Mungu kwamba leo jina hilo limerudi kunistahili. Kuna kipindi lilikuwa kama tusi.

Ugonjwa ulianza wakati wa mvua, na ulianza kidogo tu. Homa, kichwa kuuma, tumbo kusokota. Nikaenda duka la dawa, nikajieleza, nikaambiwa, "Hiyo taifodi." Nikapewa kapsuli. Baada ya siku chache nikapata nafuu, na zile zilizobaki nikazitia kwenye kopo juu ya kabati, kama tunavyofanya wengi. Tumbo liliporudi nikameza za kwenye kopo. Liliporudi tena nikanunua nyingine, za rangi mbili, wanazosema ndizo kali. Jirani naye alikuwa na masalio yake, akanigawia. Nyie mnajua tunavyoishi: chumvi tunaombana, kiberiti tunaombana, na kapsuli pia. Kupima sikupima.

Kufikia mavuno ya mpunga nilikuwa naharisha kila siku. Naomba niseme wazi, maana ushuhuda wa kufichaficha haumsaidii mtu. Kilichotoka kilikuwa maji matupu, mara nyingine na ute kama wa bamia, na hakikubisha hodi. Niko napakua wali, ghafla natupa mwiko na kukimbilia chooni, wateja wananitazama. Nikirudi nanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, lakini nani atakula tena hapo? Mmoja mmoja wakahamia kibanda cha ng'ambo ya barabara. Sikuwalaumu. Hata mimi nisingekula.

Mwili ukaisha. Nikikaa kwenye benchi, mifupa ya makalio inauma. Tumbo lenyewe lilijaa gesi, likinguruma hadi watu wakageuka kanisani. Minong'ono ikaanza, na mnajua wenyewe ni ugonjwa gani unaotajwa mtu akikonda. Mume wangu Elia ni seremala, mtu asiye na maneno mengi. Akasema, "Twende tukapime wote wawili, tujue moja." Tukapima, tukakutwa salama. Wenzangu hupokea majibu kama hayo kwa kushangilia. Mimi nilitoka nalia, maana niliona nakufa kwa kitu kisicho na jina.

Habari zikamfikia mama yangu huko Kakese. Mama ni mjane, na mali yake kubwa ni ng'ombe mmoja wa rangi ya kahawia iliyokolea, jina lake Bihogo. Mama aliingia nchi hii kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa bibi. Uraia ameupata, Kiswahili amekipata, lakini sheria za maziwa alizoachiwa na bibi hajazibadilisha. Maziwa hayanyweki siku uliyokula karanga. Na maziwa hayawekwi motoni kamwe, maana ukiyachemsha, ng'ombe anakauka chuchu. Baba alipofariki, maziwa ya Bihogo ndiyo yaliyomlisha mama na kumvisha. Kwake yeye, kukauka kwa Bihogo halikuwa jambo la kuchezea.

Akafika na bodaboda, kibuyu cha maziwa ya mgando amekipakata kifuani. Hata hakukaa.

"Kunywa, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kirundi chake. "Midawa imekuchosha."

Nikanywa. Yalikuwa mazito, yananukia moshi wa kibuyu, yale yale ya utotoni. Kesho yake nikajiona mzima. Lakini hazikupita siku nyingi homa ikapanda, nikatapika, nikaanguka jikoni kwangu na sufuria ya maharage ikamwagika kando yangu. Elia alinibeba hadi hospitali. Anasema nilikuwa mwepesi kuliko mlango.

Nikatundikiwa dripu. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mwenye sauti ya chini. Akanipima damu, akanipima choo, akasema taifodi haipo. Kisha akauliza nimekuwa nikimeza nini. Elia akaenda nyumbani kuleta kopo. Daktari akalimwaga mezani, zikatoka nyekundu na nyeusi, njano, kijani, kama shanga.

"Wewe umelima?" akaniuliza.

"Nimezaliwa shambani."

"Basi utanielewa. Mtu akipiga dawa ya magugu ovyo, magugu yanakufa na mahindi yanakufa. Tumboni mwako kulikuwa na vijidudu vizuri vya kusaidia kusaga chakula na kuzuia vile vibaya. Umevipiga dawa msimu mzima. Shamba limebaki tupu."

Mama alikuwa ameshafika tena kutoka Kakese, amekaa miguuni pangu na kibuyu kingine cha maziwa. Akaguna. "Vijidudu vizuri? Tangu lini?"

Daktari akacheka, lakini hakurudi nyuma. Akatibu homa, akakataza kapsuli za kujinunulia, akaagiza ninywe maji ya chumvi na sukari ya pakiti za hospitali. Akasema nikitulia nianze mtindi, kidogo kidogo. Akatueleza kwamba huko kwenye miji mikubwa kuna maziwa ya kuchachushwa yanaitwa kefa, na kuna vidonge vya vijidudu hivyo wanavyoviita probayotiki. "Ukivipata sawa. Usipovipata usihangaike, mtindi unatosha kuanzia. Si dawa ya kila kitu, ni kurudisha mbegu shambani. Ila maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe kwa kijiko cha mtindi safi. Na chombo kiwe cha kusugulika, si kibuyu. Siwezi kuapa kwamba yale ya juzi ndiyo yaliyokuangusha, lakini maziwa mabichi kwenye tumbo kama hili ni hatari."

Mama akasimama. "Ya kwangu hayachemshwi, daktari."

"Basi asinywe ya kwako, mama."

Mama akachukua kibuyu chake, akaondoka bila kuaga. Nilimkasirikia, nisiwafiche. Nilijiambia kwamba kumbe kati yangu na ng'ombe, mimi ndiye wa pili.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani Elia alihangaika. Alileta mtindi wa pakiti, kumbe ulikaa juani dukani, pakiti imevimba, tukamwaga. Maziwa yanayotembezwa kwa baiskeli hatukujua yamechanganywa na maji ya kisima gani. Nikabaki na uji mwepesi. Kuharisha kulipungua, lakini nguvu hazikurudi, na kila nilichokula kilikaa tumboni kama jiwe. Nikaanza kumwambia Elia mambo ya watoto wetu, nani alelewe na nani. Akainuka katikati ya maneno yangu akaenda kupiga randa mbao ambayo ilikuwa imeshanyooka.

Asubuhi moja mama akaja. Safari hii hakuwa na kibuyu. Alibeba ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Akaifungua mbele yangu. Mgando mweupe, mzito, lakini bila harufu hata kidogo ya moshi. Nikaelewa papo hapo.

"Mama, umechemsha?"

"Kunywa."

"Na Bihogo je?"

"Nimesema kunywa."

Nilikunywa nusu kikombe, nikasubiri tumbo lianze fujo zake. Likanguruma, likatulia. Sikupona kama kwenye sinema. Siku za kwanza nilicheua na kujaa gesi, nikataka kuacha. Mama akanisimamia: nusu kikombe asubuhi, nusu jioni, halafu kikombe kizima. Nikaongeza uji wa ulezi, ndizi, viazi. Kisha siku moja nikaenda chooni na kilichotoka kilikuwa kigumu, kimeshikana, choo cha mtu mwenye afya. Nilimwita Elia aje aone. Akaja, akaona, akatikisa kichwa kwa heshima. Hiyo ndiyo ndoa, wapendwa.

Sasa nina nguvu za kusonga ugali wa watu wengi, na wateja wamerudi kutoka ng'ambo. Mtindi nagandisha mwenyewe, nakunywa kila siku, na tumbo limekaa kimya. Karanga naziunga kwenye mboga za wateja, ila mimi sizili tena, maana kwangu kila siku ni siku ya maziwa. Daktari anasema hazina shida yoyote. Najua. Lakini mama naye lazima abaki na sheria yake moja.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, namshukuru mume wangu aliyenibeba. Kwenu nyie mnaonisikiliza nina machache. Tumbo likiuma, nenda ukapimwe kabla hujameza chochote. Kopo lako la kapsuli zilizobaki lipeleke hospitali wakakutupie. Ukipewa dozi, maliza kama ulivyoelekezwa. Mtindi kunywa, ni chakula kizuri, ila usiufanye daktari. Ukiona damu, ukiona homa, ukiona unakonda, usikae nyumbani na ndoo ya maziwa. Na maziwa chemsha kwanza, hata kama ng'ombe ni wa mama yako.

Bihogo hakukauka. Amezaa tena, na bado anajaza ndoo. Mama anasema ni kwa sababu huwa anachemsha akiwa amefunga mlango wa jiko, ng'ombe asione. Sibishani naye.

Juzi nilikuwa Kakese, tumekaa pamoja akikamua, nikapata ujasiri wa kuuliza. "Mama, siku ile ya kwanza ulipochemsha, ulijuaje kwamba Bihogo hatakauka?"

Hakuacha kukamua. "Nani kakuambia nilijua hivyo?" akasema. "Mimi nilijua atakauka. Nikawasha moto."