Fundi Mbwana na Doa la Jua

"Fundi, hilo doa liko kwenye jua au kwenye kioo chako?"

Aliyeuliza ni Munira, mtoto wa nyumba ya tatu, miaka saba, meno mawili ya mbele hana, mkononi ameshika jiko la mkaa la mama yake lililong'oka mguu. Aliyeulizwa ni Fundi Mbwana, mchomeleaji wa vyuma wa Chang'ombe. Alikuwa amelala chali juu ya benchi lake la kazi, kioo cheusi usoni, akilitazama jua la saa nne asubuhi kama mtu anayesoma gazeti. Ilikuwa mwaka wa tisini na moja.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na mchomeleaji bila umeme ni mpishi aliyenyimwa moto. Geti la watu limeegemea ukuta, nusu limeunganishwa, nusu bado. Basi Mbwana akachukua kile kioo chake namba kumi na nne, cheusi kuliko vyote, ambacho ukikiweka mbele ya macho dunia nzima inazimika, akakielekeza juu. Watoto wa mtaa alishawaapia kwamba atakayethubutu kulitazama jua bila kioo kile ataishia kuongozwa kwa fimbo.

Jua lilionekana dogo, tulivu, la kijani kama chungwa. Na kwenye chungwa hilo palikuwa na kitobo cheusi, kama alipopita funza.

Kwanza alidhani ni cheche iliyorukia kioo. Akakifuta kwa pindo la shati. Doa lipo. Akakizungusha. Lipo. Hapo ndipo alipoingiwa na baridi, kwa sababu wachomeleaji wana hofu moja wasiyoisema ovyo: macho. Huenda doa halipo juani wala kioo hakina kitu, ila jicho ndilo limeanza kuungua. Akamwita jirani yake Nikodemu, fundi seremala kutoka Newala.

"Hebu tazama. Unaona nini?"

Nikodemu akatazama, mdomo wazi. "Naona chungwa."

"Na kwenye chungwa?"

"Hamna kitu. Mbwana, njaa hiyo. Kanunue mihogo."

Munira bado alikuwa amesimama na jiko lake, anangoja jibu. Mbwana akamtazama, akakitazama kioo, akasema, "Njoo kesho." Jiko alilitengeneza kesho yake, mguu ukakaa imara. Swali likabaki halijajibiwa.

Doa lenyewe lilisogea. Kila siku lilihama kidogo kuelekea ukingoni, na baada ya wiki halikuwapo. Kitu kinachosogea si uchafu wa kioo, Mbwana alijiambia. Lakini jambo analoliona mtu mmoja peke yake, wengine huliitaje? Mtaani walishampa jina: Fundi Madoa.

Mkewe, Mwamvita, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, mwanamke wa maneno machache yenye pilipili. "Baba Farhan," alimwambia, "jua limeumbwa na Mwenyezi Mungu, likawaka miaka yote hiyo bila kukuuliza. Leo wewe ndiye wa kulitafutia dosari?"

"Silitafutii dosari, Mama Farhan. Nalihesabia tu."

Na kweli alilihesabia. Zile zilikuwa enzi za ruksa, bidhaa zinaingia kila siku, watu wananunua redio kaseti, video, na baadaye runinga, na kila aliyenunua runinga alikuja mbio kwa Mbwana kutengenezewa grili ya dirisha. Kazi ilikuwa tele. Katika vyuma chakavu alivyoletewa siku moja akakuta bainokula iliyovunjika, darubini ya macho mawili, jicho moja zima. Akaichomelea kishikio, akaifunga kwenye sanduku la mbao alilochongewa na Nikodemu, ikawa inaangusha picha ya jua kwenye karatasi nyeupe ndani ya sanduku, duara kubwa kama sahani ya chai. Hakuwa tena na haja ya kulikodolea macho. Kila asubuhi, chai ya kwanza ikishashuka, alihesabu madoa kwenye karatasi na kuandika kwenye daftari la shule la mwanawe: tarehe, saa, idadi. Safu tatu za tarakimu, basi. Hakuandika hata neno moja.

Mwaka wa tisini na sita ulikuwa mkavu. Sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa baada ya ukurasa.

"Leo mangapi?" Nikodemu huuliza, misumari mdomoni.

"Sifuri."

"Umeliosha?"

"Nenda zako, mtani wangu."

Kisha, taratibu, madoa yakarudi. Moja, mawili, manne. Mbwana alifurahi kama mtu aliyerudishiwa kuku wake waliopotea.

Sasa tumefika mwaka wa tisini na nane, na hapa ndipo anapoingia dada Anastasia. Alikuwa na ofisi ndogo karibu na karakana: kuchapa barua, fotokopi, faksi, na kompyuta moja iliyounganishwa na waya wa simu, ikipiga kelele kama paka aliyekanyagwa kila inapotafuta mtandao. Alikuja kutaka grili, akaliona sanduku, akauliza, akaonyeshwa madoa matano.

Baada ya siku tatu akarudi na karatasi mkononi. "Fundi, kaa chini. Kuna vichaa wenzako."

"Wapi?"

"Dunia nzima! Ubelgiji, Uhindi, Japani, Brazili. Wanahesabu madoa ya jua na kuandikiana kwa imeili. Kuna mzee mmoja wa Ubelgiji, Joris, mwalimu mstaafu, ndiye anayezikusanya hesabu zao."

Mbwana alikaa chini kweli, juu ya ndoo. Miaka saba alidhani yuko peke yake chini ya jua hili!

Tangu hapo kila Jumamosi alivuka barabara, akakaa kwenye kiti cha plastiki, Anastasia akamsomea kwa Kiswahili yale waliyoandikiana wenzake. Jamani, mambo gani yale! Kwamba doa analoliona yeye kama kichwa cha msumari linaweza kuimeza dunia hii yote, na bahari zake. Kwamba doa si uchafu, ni mahali palipopoa kidogo tu, na huko kupoa kwenyewe kunaweza kuifanya nondo iwe mvuke. Hilo Mbwana alilielewa kuliko Anastasia. Kwamba mwanga unaotuangukia sasa hivi ulitoka huko juani dakika nane zilizopita.

"Kwa hiyo jua likizimika sasa," alisema Mbwana baada ya kufikiri, "mie nina muda wa kumaliza chai."

Anastasia akaicheka kauli hiyo, akaitafsiri, akaituma. Wakacheka hadi Japani.

Kisha akapata moyo. Akaleta daftari la mwaka ule, miezi mitatu ya mwisho, siku baada ya siku, na Anastasia akachapa tarakimu zile kama zilivyo na kuzituma kwa Mzee Joris ziingizwe kwenye hesabu ya wote. Wiki nzima Mbwana alichomelea huku anapiga mluzi. Si sifa aliyoitaka. Alitaka jambo moja tu: aambiwe kwamba alichokiona na wengine walikiona.

Jumamosi Anastasia hakumkaribisha kwa utani. Alisoma kwa sauti ya chini.

"'Ndugu Mbwana, kazi yako ni ya uangalifu. Lakini unasema umelitazama jua saa tatu na dakika kumi, saa tatu na dakika tano, saa tatu na robo. Kwenu saa hizo jua halijachomoza. Mwenzetu mmoja anasema hukutazama kitu, umenakili hesabu zetu na kujaza saa za kubuni. Mimi sisemi hivyo. Ila nimeziweka kando mpaka utueleze.'"

"Mwenzetu nani?"

"Wa Brazili. Ameongeza: labda Afrika jua linalala na taa ikiwaka."

Mbwana aliipokea barua ile. Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akavuka barabara kurudi kwake. Nikodemu akamwona alivyoinama. "Vipi, wamekupa zawadi?"

"Wameniita mwongo."

Nikodemu akatema misumari kiganjani.

Siku tatu sanduku halikufunguliwa. Mbwana alikumbuka siku ile ya chungwa la kijani, na mtoto na jiko lake. Kwenye jua au kwenye kioo? Labda miaka yote hii alikuwa anahesabu makovu ya kioo kibovu cha jaani. Labda ni macho. Kila alipowasha mashine na cheche kuruka, aliona vidoa vikielea, akashtuka.

Siku ya tatu, baada ya magharibi, Mwamvita alimpakulia wali na samaki. Mume akala tonge mbili.

"Baba Farhan, huyo samaki amekukosea nini?"

Ikabidi amweleze. Mwamvita akasikiliza, mkono shavuni.

"Hebu rudia. Wanasema ulitazama saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi. Wanasema jua halijatoka."

"Saa tatu jua halijatoka? Saa tatu mie nimeshamaliza majora mawili ya kitambaa!"

"Ndiyo nashangaa na mie."

Mwamvita akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kadi yake ya kiwandani, ile wanayoitumbukiza kwenye saa ya getini ikagongwa. Akaiweka mezani karibu na sinia.

"Mie naingia kazini saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Soma hapo imeandikwa ngapi."

Mbwana akaisogeza kwenye taa. Saba. Saba. Saba kasorobo. Saba.

"Saa ya kiwandani ni ya kizungu," alisema Mwamvita. "Wao siku yao inaanza usiku wa manane, watu wote wamelala. Yetu inaanza jua likitoka. Wewe saa tatu, kwao ni tisa. Umewapelekea saa za Kiswahili kwenye Kiingereza! Miaka kumi na mbili nagonga kadi, ndiyo nisijue?"

Mbwana akaitazama kadi, akamtazama mkewe, akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomfanya Farhan achungulie mlangoni. Akavuta sinia. Samaki yule alibaki mifupa.

Asubuhi Anastasia alipoelezwa alijipiga kofi la paji la uso. "Mimi! Mimi ndiye niliyechapa! Nimesoma ukatibu muhtasi miaka miwili, halafu nakuja kuumbuka kwa saa! Fundi, nisamehe."

"Daftari langu halikusema asubuhi wala usiku. Kosa letu sote. Haya, andika."

Akaandika, naye Mbwana akasema maneno huku amesimama, kofia mkononi, kama anayehutubia baraza. "Waambie: sie huku saa moja ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza. Ongezeni sita kwenye kila saa yangu. Na waambie, kwa heshima, kwamba watu wanaohesabu jua ndio wangetakiwa kuanza kuihesabu siku jua linapotoka."

"Hilo la mwisho niliandike?"

"Liandike. Halafu wape na hii."

Alikuwa ameshika karatasi ya asubuhi ile, duara na madoa tisa yaliyochorwa kwa penseli, kila moja mahali pake, na saa imeandikwa mara mbili, ya kwetu na ya kwao. Faksi ikaimeza karatasi polepole, ikaitoa upande wa pili.

Jibu lilifika kabla hata ya Jumamosi. Anastasia alivuka barabara anakimbia, viatu mkononi, magari yanampigia honi.

"'Ndugu Mbwana,'" alisoma akihema, "'nimeuweka mchoro wako juu ya wangu wa siku ile ile. Haukulingana. Kisha nikakumbuka kwamba tunalitazama jua kutoka pande mbili za dunia, nikauzungusha kama mtu anayezungusha chapati kikaangoni. Madoa tisa yako yamekaa juu ya madoa tisa yangu. Mhindi naye ana tisa. Mjapani ana tisa, hata lile dogo la pembeni ambalo mimi nililikosa mpaka uliponionyesha. Hesabu zako zote zimeingia.' Na wa Brazili anaomba radhi. Anasema kuanzia sasa atakuwa anaamka kwa saa ya Mbwana. Anauliza ni saa ngapi kwako anapokunywa kahawa."

"Lile dogo la pembeni," Mbwana alisema taratibu. "Aliona kwangu?"

"Kwako."

Nikodemu alikuwa amekuja kusikiliza, takataka za randa zimemganda miguuni. "Kwa hiyo kweli kuna madoa?"

"Kuna madoa."

"Basi mie ndiye kipofu." Akafikiri. "Lakini chungwa niliona."

Mwezi mmoja baadaye, mwaka mpya umeshaingia, Munira alipita na sare ya shule, begi begani. Sasa yuko kidato cha pili, meno yote yametimia. Mama yake alikuwa amemtuma na jiko lile lile. Safari hii ni mguu mwingine.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo. Wewe ulikuwa na swali lako kwangu."

"Swali gani, fundi?"

"Ulikuwa huna meno. Uliniuliza doa liko kwenye jua au kwenye kioo changu, nikakwambia uje kesho."

Munira akacheka, akaziba mdomo. Alikuwa amesahau kabisa. "Kumbe! Eeh, liko wapi?"

Mbwana alizima mashine ili asikike vizuri, akavua kioo chake, akakipangusa kwa pindo la shati.

"Liko kwenye jua," alisema. "Nimeuliza mpaka Japani. Kioo changu kilikuwa safi."