Raketi Juu ya Moto

Hadi leo nikisikia harufu ya moshi wa kuni kwenye kitu kisichohusiana na jiko, roho hunisuta. Acheni niwaambie nyie, maana aliyestahili kuambiwa sikumwambia.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa mazao pale Mbeya, miaka ya hamsini. Akinusa gunia la maharage anakuambia hapo hapo: haya yamenyeshewa, haya yamekaa juu ya moto. Hakosei. Jioni alifunga duka, akavaa kaptula nyeupe, akaenda kucheza tenisi, majirani wakimcheka mtu mzima kukimbiza mpira. Mwaka uliotangulia alifungwa fainali ya Iringa kwa pointi chache tu. Sasa nyumbani hakuongea kingine ila kile kikombe cha ubingwa alichokikosa.

“Mwanangu, gusa vyote humu ndani, ila raketi yangu niachie,” aliniambia.

Nikaigusa. Siku moja kabla ya safari ya kurudi Iringa kwenye mashindano nilitoka nayo uani, nikawa napiga viazi ukutani. Mvua ya Mbeya haipigi hodi. Raketi ikalowa chapachapa. Kwa akili zangu za miaka tisa, nikaipandisha kwenye kichanja cha juu ya moto, Mama alikokaushia mahindi ya mbegu. Jioni nikairudisha kwenye mfuko wake wa kuhifadhia, nikajiona mjanja kweli.

Iringa tulikwenda wote, kwa lori la maharage. Fainali ilipoanza, Baba akaongoza. Mara paa! Uzi ukakatika, ukafuata wa pili, wa tatu. Akaisogeza raketi puani, akanusa. Akanitazama pale nilipokaa kwenye nyasi, nami nikainamia viatu vyangu. Akaazima raketi ya mtu, akafungwa.

Wakati wa kurudi, dereva alimwuliza kulikoni.

“Mvua,” Baba alijibu. “Nyuzi hizi za utumbo wa mnyama hazipatani na mvua.” Kisha akanigeukia. “Au siyo, mwanangu?”

“Ndiyo, Baba.”

Jamani, nilifurahi! Nilidhani nimenusurika.

Hakucheza tena mashindano. Tulipokwisha kumzika, mimi sasa mtu mzima mwenye watoto wangu, niliishusha ile raketi ukutani dukani, nikaitoa kwenye mfuko wake. Moshi ulikuwa bado unanukia, kwa mbali.

Pua ile ingekosaje kujua? Alijua tangu uwanjani. Kule kwenye lori alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe. Hakuniuliza tena maisha yake yote, na mimi nikanyamaza.