Mzee Aliyeomba Maji Ilford

Usinicheke. Haya yamenipata mimi, hapa Ilford, huku ughaibuni, saa nane mchana, chai yangu ikiwa mezani na akili zangu timamu.

Marehemu mama aliniachia bakuli la Kichina, la manjano, limezungukwa na joka la kijani lenye kucha tano. Kwetu Tanga walisema limetoka nyumba ya wafalme wa China. Halikutiwa chakula hata siku moja. Lilikuwa la kombe tu: mwalimu huandika aya ndani yake kwa zafarani, wino ukaoshwa kwa marashi, mwenye mimba akanywa. Binti yangu Zuhura alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Ya tatu ilikuwa na miezi mitano, na kombe lake lingekuwa Ijumaa.

Habari hizo nilimwambia Mwanaidi peke yake, shoga yangu wa miaka thelathini. Akasema yupo mzee wa Kichina anayejua vyombo vya kale, atapita alitazame.

Alikuja Jumatano, msafi, koti limepigwa pasi. Akanisalimu kwa Kiswahili cha Tanga, kwa sauti ya mama yangu. Ndiyo, ya mama. Lakini mgeni ameshaingia, utamfukuzaje? Akaomba maji. Nikainuka kufuata glasi.

"Humo humo, mwanangu," akasema, akinionyesha bakuli la mama.

Nikampa. Niamini, mkono ulikwenda wenyewe. Akanywa, akashukuru, akaondoka. Nilipolichukua bakuli, lilikuwa la manjano tupu. Nikalisugua, nikaligeuza. Joka halikuwapo, hata kucha moja.

Nikampigia Mwanaidi huku nalia. Hakuuliza kuna nini.

"Alikunywa yote?" akauliza.

Hapo nikaelewa. Binti yake alikuwa na miaka tisa kwenye ndoa bila mtoto.

Zuhura alinywa kombe lake Ijumaa. Jumapili mimba ikatoka. Mwaka uliofuata binti wa Mwanaidi akajifungua, nikaalikwa arobaini, nikaenda. Nilimpakata mtoto, mzuri, maskini, hana kosa. Mwanaidi akanipakulia pilau na kuniita shoga mbele za watu, nami nikala. Mpaka leo nina hasira na tonge lile.

Nakuonya: ukiwa na kitu cha mama yako kabatini, usimwambie mtu, hata wa karibu. Yule mzee simlaumu, sikumjua. Lakini Mwanaidi alikuwa chumbani siku niliyojifungua Zuhura. Mikono yake ndiyo ya kwanza kumpokea.