Mama Uani na Kiti cha Dirishani

Wenzake wa kazi ya usafi walimpa jina la Mama Uani kwa sababu hakuna mgahawa aliouingia kwa mlango wa mbele bila kwanza kuzunguka nyuma. Watu wengine wakifika mahali pa kula hutazama meza, vitambaa, na bei zilizoandikwa ukutani. Yeye kusoma hakusoma, na ukuta haukumwambia kitu. Alipita uchochoroni, akachungulia uani, akaangalia maji ya kuoshea vyombo. Yakiwa meusi kama ya dimbwi la barabarani, aligeuka akaenda zake. Kitambaa cha kufutia sahani kikiwa kimejilalia chini badala ya kuanikwa, hapo ndiyo kabisa.

Ujuzi huo haukumjia bure. Ujana wake wote uliishia jikoni kwa mumewe, katika mgahawa ambao bwana huyo aliuita wake ilhali hata chumvi hakujua inakaa wapi. Mke ndiye aliyeamka mapema kuwasha moto, akachambua maharage, akakumbuka mteja gani hali pilipili. Mume kazi yake ilikuwa kukalia kiti cha karibu na mlango na kupokea sifa. Mashemeji wakija walipakuliwa kwanza, kisha wateja, kisha watoto wa mashemeji. Aliyepika alikula mwisho, wima, akikwangua ukoko kwenye sufuria. Halafu bwana akaleta mke mwingine, mwenye kucha ndefu zisizojua sufuria, akamwekea kiti pembeni yake pale mlangoni. Mama mkwe akatoa hukumu kwamba hakuna aliyefukuzwa, ila anayetaka kwenda njia nyeupe. Akaenda, na mfuko wa nguo. Mwiko wake mwenyewe alinyimwa. Aliambiwa ni mali ya biashara.

Sasa alikuwa akifagia na kupiga deki ofisi za jengo refu katikati ya mji. Chumba alipanga kwa mama mmoja mkali, aliyekataza moto wa aina yoyote kwa kuwa dari ilikuwa ya mbao. Mpishi mzima, jiko hana. Ikabidi ale vya watu, tena vya bei ya mfagiaji, na kwa hilo akawa hodari. Alijua nani anapika vizuri asubuhi lakini mchana anaongeza maji kwenye mchuzi, na nani ana sura ya kununa lakini sahani yake inajaa. Wenzake hawakula mahali kabla ya kumuuliza.

Ila yeye mwenyewe, popote alipokwenda, alikula wima kwenye kaunta, au alifungiwa chakula akakilia ngazini. Walidhani ana haraka. Haraka hakuwa nayo. Kukaa akaletewa sahani kulimshinda tu. Akishakaa, masikio yalianza kusubiri sauti ya kumwita kutoka jikoni. Jambo hilo lilimuuma kuliko ule mwiko. Mgahawa walikuwa wamebaki nao, sawa. Lakini kwamba walibaki hata na kukaa kwake, hapana. Alichotaka ni kula mlo mmoja, mmoja tu, amekaa kama mtu.

Mchana mmoja harufu ya vitunguu ilimvuta hadi nyuma ya gereji, kwenye kimgahawa cha ndugu wawili wa kike. Mkubwa alipika, mdogo aliosha vyombo. Kama kawaida yake akazunguka uani. Alikuta mabeseni yamepangwa, maji ya mwisho meupe unaona hadi chini, vitambaa vimeanikwa juani. Akainama kuchungulia vizuri, na koti lake la buluu la kazini, na kitambulisho cha kampuni kikining'inia shingoni.

Mdogo alipomwona, sahani ilimponyoka.

"Dada," aliita kwa sauti ya chini, "mtu wa afya amekuja."

Mkubwa alitoka akifuta mikono, akamkaribisha kwa heshima zote, akamfunulia sufuria moja baada ya nyingine. Mama Uani alifungua mdomo aseme, lakini alikuwa ameshashikwa kiwiko, anaongozwa ndani hadi kwenye kiti chenye mgongo, dirishani. Kikaja wali, maharage, mboga, na kipande cha nyama ambacho hakukiagiza.

Akataka kusimama. Lakini ni nani aliyewahi kuona afisa anakula wima? Kwa hiyo akakaa kama afisa. Tonge la kwanza lilipita kwa shida. La pili likapita. Masikio yalisubiri kuitwa, na hakuna aliyeita. Wale ndugu walikuwa wamejibana kwenye mlango wa jikoni, wakimtazama anavyotafuna. Maharage yalikuwa hayana jiwe hata moja. Alikula polepole mpaka sahani ikabaki nyeupe, ndipo alipogundua kwamba mashavu yake yamelowa.

"Pilipili imezidi?" mkubwa aliuliza kwa woga.

Angeweza kuitikia, akanyanyuka na uafisa wake akaenda zake. Akavuta pumzi.

"Mimi si mtu wa afya, dada yangu. Mimi nafagia ghorofa ile pale. Nilikuwa natafuta pa kula tu."

Mdogo ndiye aliyeanza kucheka, akajishikilia mlangoni.

"Na nyama tumempa! Dada, wewe hata mzoa taka ukimwona na koti unamsalimia mara mbili."

"Nyamaza, nani aliyevunja sahani?" mkubwa alimjibu, kisha akamgeukia mgeni. "Na wewe ulivyochungulia beseni langu, nilikuwa nimeshaanza kusali. Uliliona safi?"

"Zamani jikoni kwangu mabeseni hayakuwa safi hivyo. Na nilikuwa najitahidi."

Alilipa, nyama pia, ingawa hela ya nyama waliikataa. Akaondoka akijua ameaga kile kiti, maana kilikuwa cha afisa.

Kesho yake alirudi na wenzake. Wao wakajaza mabenchi. Yeye, kwa mazoea, akaenda kusimama kwenye kaunta. Mkubwa hakuinua hata kichwa kutoka kwenye sufuria.

"Afisa, kiti chako kile pale. Unaniwekea giza."

Wenzake walicheka, jina jipya likawaingia papo hapo. Akakaa. Alipomaliza kula akauliza, kwa aibu kidogo, kama chini ya sufuria kumebaki ukoko. Siku zote alikuwa akiupenda. Hakuna tu aliyewahi kumuuliza. Mdogo aliukwangua, akautia kwenye sahani safi, akauleta hadi dirishani na kijiko juu yake, na Mama Uani akasema ahsante, akautafuna taratibu, ameegemea mgongo wa kiti.