Utumbo Uliooshwa kwa Maji ya Moto

Mwaka niliokuwa namalizia masomo ya ufamasia, kabla uandishi wa riwaya haujaninyakua, sikujua kutulia. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kutoka kijiji cha Miti nilikuwa nimeleta majani machungu ambayo, nilijiaminisha, yangeikamata sukari kabla haijafika kwenye damu yake. Ukuta wa utumbo una protini zinazoibeba sukari, kama wapagazi wanaopandisha magunia kutoka bandarini. Nilitaka kuwasimamisha wapagazi hao.

Kipimo kilikuwa rahisi. Unachukua utumbo wa mbuzi aliyechinjwa asubuhi hiyo, unaugeuza ndani nje kama soksi, unafunga ncha zake kwa uzi, kisha unatia maji ya chumvi yenye sukari, kiasi kilekile ndani na nje. Utumbo ulio hai huvuta sukari mpaka ya ndani inazidi. Dawa ikiwazuia wapagazi, haizidi.

Mchinjaji alinikabidhi utumbo mweupe, safi kama kitambaa cha altare. Nikapanda pikipiki mbio hadi maabara, mtaa wa Muhumba.

Kanuni ilisema nianze na kipande kisicho na dawa, cha kulinganishia. Nikaanza na chenye majani. Nusu saa nzima nilizunguka meza, nikifungua dirisha na kulifunga. Nilipopima, sukari ya ndani haikuwa imepanda hata chembe! Nikampigia mama nyumbani, mtaa wa Nyalukemba.

"Mama, ile majani inazuia sukari!"

"Kweli? Basi leo nitakunywa chai kama watu."

"Kunywa tu, mama!"

Ndipo nikapima kipande kisicho na dawa. Nacho sukari yake ya ndani haikuwa imepanda. Nikampigia mchinjaji.

"Papa, ile matumbo uliifanya nini?"

"Niliisafisha na maji ya moto, binti yangu! Nitapatia mutu wa shule matumbo iko na mavi?"

"Papa, haikukuwa ya kula."

"Hee! Sasa ilikuwa ya nini?"

Wateja wake wote hununua utumbo kwa ajili ya sufuria, na mimi sikumweleza kuwa wangu ulihitajika ukiwa hai. Alikuwa ameniheshimu, na heshima yake iliwaua wapagazi kabla majani yangu hayajawagusa.

Nilimpigia mama tena, hakushika simu. Nikapanda pikipiki nyingine, nikimhimiza dereva kwenye kila kona.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, kikombe mkononi, bakuli la sukari miguuni.

"Nilikosea, mama. Ile matumbo ilikuwa imekufa. Kuhusu majani, bado sijui kitu."

Alitazama chai. "Nilikunywa nusu."

"Na kidonge cha asubuhi?"

"Sikumeza. Nilisema, ya nini tena?"

Niliingia chumbani, nikarudi na kidonge na maji. Alimeza bila kuondoa macho yake usoni mwangu, kisha akanisukumia kikombe.

"Maliza, sasa. Ni wewe ulisema tukunywe."

Nilikunywa nimesimama. Ilikuwa imepoa, na ilikuwa tamu mno.