Nzima ya Mkebe, Kipande cha Mdomo

Moshi wa korosho zinazochomwa na maganda yake haufanani na moshi mwingine. Huja mweusi, mzito, una mafuta ndani, ukakukaa kooni kama maneno ya mkwe. Juzi niliusikia niliposhuka Gede na mizigo yangu kutoka sokoni Malindi. Kabla sijamaliza kubishana bei na mwenye bodaboda, nilikuwa nimesharudi utotoni, nimechuchumaa uani kwetu, vidole vyeusi, macho yanatoka machozi, namtazama mama akibanja korosho vibaya.

Ndiyo, vibaya. Nipeni nafasi nieleze.

Kwetu vitafuno vya safari havikununuliwa. Siku hizi naviona supamaketi, vimetiwa kwenye mfuko unaong'aa, nusu njugu nusu hewa. Niliuliza bei mara moja, nikaurudisha mfuko mahali pake kwa heshima. Sisi tulivitengeneza nyumbani. Njugu zilikaangwa kavu, zikanyunyiziwa maji ya chumvi mpaka zikavaa weupe. Chumvi yenyewe ya mawe, mjomba wetu aliyekuwa kibarua wa chumvi Gongoni ndiye aliyetuletea. Muhogo ulikatwa mwembamba, ukakaangwa mpaka ukawa unalia mdomoni. Vipande vya nazi vilianikwa juani, halafu vikapitishwa motoni. Zabibu kavu zilikuwa za kuhesabika, kwa kuwa hizo zilitoka dukani, na mimi nilizihesabu, kisha nikazirudia nisije nikadhulumiwa. Pilipili ya unga, ndimu kidogo. Na mwenye enzi wa yote, korosho.

Korosho ilikuwa kazi. Mama alizitia kwenye karai kuukuu lenye matundu, akazikoroga motoni kwa mti mrefu mpaka mafuta ya maganda yakawaka yenyewe. Hapo alizimwaga chini na kuzifukia mchanga. Zikipoa, tulijipaka jivu mikononi, maana mafuta yale yakikushika yanakuchuna ngozi, tukaketi kuzibanja kwa jiwe, moja moja. Na sheria ya uani ilikuwa moja tu: nzima ya mkebe, kipande cha mdomo. Korosho iliyotoka nzima ilikwenda kwenye mkebe wa msafiri. Iliyovunjika haikai, inalegea upesi na kunuka mafuta, basi ilikuwa halali ya aliye karibu.

Aliye karibu nilikuwa mimi. Nilihakikisha.

Sasa, mama yangu akipiga jiwe, vipande vilikuwa vingi. Paa! Nusu huku, nusu kule. "Ala, mkono wangu huu," alikuwa akisema, na kunisogezea. Mimi nilikula na kumhurumia. Kilichonishangaza ni jirani yetu, Bi Rukia, ambaye kila akiwa na harusi hakumwita mwingine ila mama aje kumbanjia.

"Mamako ana mkono wa dhahabu, mwanangu," aliniambia siku moja.

Nikamtazama kwa masikitiko. Mtu mzima, nikawaza, na macho yameshamwacha.

Basi ukafika mwaka ambao dada yangu Kadzo aliitwa shule ya bweni, huko bara kwenye baridi. Wengine walifurahi. Kadzo alilia. Msichana mmoja aliyemtangulia huko alikuwa amempa habari: bwenini mwenye mkebe ana marafiki, asiye na mkebe ana mto wa kulilia. Kadzo hakuwa mtu wa kuzungumza na wageni. Hata dukani alinituma mimi nikamsemee. Mkebe ule ndio ungemsemea huko.

Na mwaka wenyewe ndio ule mikanju, miti yetu ya korosho, ilitoa maua yakaliwa na ukungu. Korosho tulizookota hazikujaza hata kikapu.

Usiku mmoja kitandani, Kadzo akaninong'oneza, "Mbeyu, usile sana kesho. Niachie."

"Nitapata nini?"

"Upande wangu wa kitanda."

"Na mto."

"Mto nakwenda nao."

"Basi upande wa dirishani, na ile kanga ya kujifunika."

Akakubali. Nililala na ushindi wangu, bila kufikiri kwamba akishaondoka, kitanda kizima kingekuwa changu hata nisingesema neno. Nimefanya biashara nyingi tangu siku ile. Ile ndiyo pekee niliyonunua hewa bila mfuko.

Kesho yake mama akaketi na jiwe lake. Paa, ikavunjika. Akanisogezea. Sikula. Paa, ikavunjika nyingine. Nikachungulia mkebe: chini kabisa, korosho zinaonana kwa mbali kama majirani waliogombana. Kadzo alikuwa kizingitini akisuka ukili wa mkeka, anajifanya haoni, anakosea na kufumua.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, wewe hujui kubanja. Nipe mimi."

Kadzo akaacha kusuka. Maneno kama yale, kwa mama kama yule, kwa kawaida yalikuwa na malipo yake papo hapo. Lakini mama akafuta jiwe kwa upindo wa leso, akanipa.

"Haya fundi, tuonyeshe."

Akanionyesha yeye, kwa kweli. Isimamishe kwenye mgongo wake. Usiipige katikati, ipige kwenye mshono. Usimpige adui, gonga mlango akufungulie. Hayo aliyasema bila kunyanyua uso, na mimi sikujiuliza mtu asiyejua kubanja ameyajulia wapi.

Za kwanza nilizisaga. Baadaye mkono ukashika njia. Ganda likaachia, korosho ikatoka nzima, imejikunja kama mtoto usingizini. Nikawa sioni wala sisikii. Jua liliposhuka nyuma ya choo, mama alichanganya vyote kwenye ungo: njugu, muhogo, nazi, zabibu, korosho, akavirusha mara kadhaa, pilipili ikatupigisha chafya sote watatu, akamimina. Mkebe ukajaa mpaka kifuniko kikataka kushawishiwa.

Kadzo aliukumbatia mkebe kama mtu. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu habari ya shule ilipokuja.

Mama akanigeukia. "Na wewe umekula nini leo?"

Nikatazama chini nitafute kipande cha kumwonyesha. Tangu mkono ushike njia, zote zilitoka nzima. Kwa ufundi wangu mwenyewe nilikuwa nimejinyima tangu asubuhi. Vile vipande vya kwanza nilivyovisusa, kuku walishavipitia.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akabandua kifuniko, akatoa korosho moja, ile kubwa ya juu kabisa, akaiweka kati ya meno. Tak. Akanipa nusu, nusu akampa Kadzo.

"Hiyo imevunjika," alisema.

Niliitafuna nikiwaza kwamba mama amevunja sheria yake mwenyewe, na kwamba hiyo ni dosari ya kukumbukwa siku nikihitaji. Hapo ndipo akili yangu ilipofika, haikuvuka.

Kadzo alikwenda, akasoma, akapata marafiki ambao mpaka leo wakinipigia simu huulizia mkebe kabla ya kuniuliza hali. Mimi nikaingia sokoni, nako nikajifunza kumtambua mtu anayejifanya hajui. Ni ujuzi wa kunilisha. Lakini sikuwahi kuupeleka nyumbani.

Mpaka juzi, niliposhuka na mizigo yangu na kuufuata ule moshi. Ulikuwa wa kwetu. Mama amezeeka, mgongo umeinama, lakini alikuwa uani peke yake akibanja korosho za harusi ya mjukuu wa marehemu Bi Rukia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Keti, usinizibie mwanga."

Nikaketi. Tak, nzima. Tak, nzima. Hakuwa hata akiangalia. Aliniuliza habari za soko huku ungo unajaa. Nilipekua kwa macho kwa mazoea yangu, nikarudia. Hapakuwa na kipande hata kimoja. Nikakumbuka jiwe lile lile, uani hapo hapo, na vile vipande vyote vya utotoni.

Hapo wajukuu wakaingia mbio kutoka kisimani, wa kwangu na wa Kadzo, wamelowa, wakajipanga mbele yake kama kuku waliosikia mahindi.

Paa! Nusu huku, nusu kule.

"Ala, mkono wangu huu," akasema mama, na kuwasogezea.

Binti yangu mdogo, mdomo umejaa, akaniegemea sikioni. Hawe ndilo jina wanalomwitia bibi yao. "Mama," akaninong'oneza kwa huruma kubwa, "maskini Hawe hajui kubanja."

Nikainua macho. Mama alikuwa ananitazama juu ya vichwa vyao, jiwe limesimama hewani, akingoja aone nitajibu nini.

Nikamsogezea binti yangu kipande kingine. Kuna bei ambazo mnunuzi hatajiwi mapema.