Kikombe cha Kijani

Miaka kumi na mmoja Mama Filimbi alikagua tiketi kwenye treni, na miaka yote hiyo jicho lake lilikuwa kwenye kiti cha dereva. Mtihani wa taa za reli alishaufeli mara mbili. Akifeli mara ya tatu, basi tena, atakagua tiketi mpaka astaafu.

Shida yake haikuwa kichwa, ilikuwa mdomo. Sauti ile kali iliyompa jina haikujua kusubiri. Mwalimu wa mtihani akigusa swichi ya taa tu, yeye keshajibu.

Mama yake mzazi, ambaye hata baiskeli hajawahi kuendesha, akajipa kazi ya kumnoa. Kila jioni alisimama kwenye kabati la vyombo na vikombe vyake vya plastiki, chekundu, cha njano na cha kijani.

“Haya, hiki?”

“Njano! Punguza mwendo, jiandae kusimama taa inayofuata!”

“Mwanangu, hata sijakiinua. Hapo umeshaua abiria wangapi?”

Siku ya mtihani aliingia wa mwisho. Waliomtangulia walikuwa wametoka wamenuna. Ubao wa taa ukawaka nyekundu, kijani, njano mbili, naye akajibu moja moja, kajikaza kwelikweli. Halafu ubao wote ukazimika. Mwalimu akageukia dirisha, kimya, utadhani anasubiri chai.

“Balbu imeungua, mwalimu” ilishamfika kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza. Alimkumbuka mama yake: akifoka, unaweza kujitetea, akinyamaza, nyumba nzima inasimama, paka akiwemo.

“Nimesimama,” akasema.

“Kwani umeona nyekundu?”

“Sijaona kitu, ndiyo maana. Taa iliyozimika naihesabu nyekundu. Sisogei mpaka niruhusiwe.”

Mwalimu akacheka. “Wenzako wameniambia nibadilishe balbu,” alisema, akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake.

Nyumbani alimkuta mama yake palepale kwenye kabati, mikono nyuma, haongei. Mama Filimbi alikuwa na furaha ya kupasua kifua, alitamani kuupigia kelele mtaa mzima. Lakini alisimama mlangoni, begi begani, akangoja.

Mama akamtazama weee, machozi yakimlenga.

“Leo umesubiri,” akasema. “Basi umefaulu.”

Akatoa mkono wa kulia, wenye kikombe cha kijani.

“Pita, dereva.”